Mlevi Asiyeonja Pombe

Kama kulikuwa na mtu aliyevijua vyoo vya kumbi zote za harusi katika mji ule, basi ni Redio. Alijua kipi kina komeo na kipi unashikilia mlango kwa mguu huku ukijisitiri, kipi kina maji na kipi kina ndoo ya kupambia tu. Ujuzi huo hakuzaliwa nao. Aliupata mwaka ule alipokuwa anakaribia umri wa miaka hamsini, kiu ilipomwingia kama mgeni asiyeaga.

Kazi yake ilikuwa kuongoza sherehe. Jina la Redio walimpa watu kwa sababu ukishamwasha, hazimiki. Angeweza kuchekesha ukumbi mzima kwa kueleza tu jinsi bwana harusi alivyovaa viatu. Mwaka huo, hata hivyo, alikuwa akimaliza sentensi mbili anameza soda, akimaliza soda anatafuta mlango. Kila alipobanwa aliwaambia watu wampigie bibi harusi makofi, na makofi yakianza yeye anaingia mitini. Akirudi anakuta wageni bado wanapiga makofi, mikono inawauma, hawajui waache lini.

Fundi wake wa muziki, kijana wa makamo aliyeitwa Waya kwa wembamba wake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alimwambia aende kupima, maana mtu mzima hakimbii hivyo bila kufukuzwa. Redio akacheka. Suti yake ya rangi ya maziwa ilikuwa imeanza kumpwaya, na watu walipomsifu kwa kupungua kitambi aliwaambia anafanya mazoezi. Kwa kweli hakuwa anadanganya sana. Mbio zile za chooni zilikuwa mazoezi tosha.

Mwishowe macho nayo yakaanza kumsaliti. Kwenye harusi moja alisoma jina la mgeni rasmi akalitamka vibaya, likatoka tusi. Wiki iliyofuata akaenda kupima, bila kumwambia mkewe.

*

Daktari alikuwa msichana anayeweza kuwa binti yake. Alimtoboa kidole, akaangalia kimashine, akamtoboa kidole kingine. Redio akamwambia kama damu haitoshi, nyumbani anaye mke mnene. Daktari hakucheka. Akamwambia ana kisukari, tena hakikuanza jana.

"Basi mke wangu alikuwa anasema kweli," Redio akasema. "Siku zote ananiita mtamu."

Daktari alimtazama tu. Aliyewahi kusimama na kipaza sauti mbele ya watu anaujua ukimya wa ukumbi uliokataa kucheka. Redio aliutambua ukimya huo, na badala ya kukubali yaishe, akafanya kosa ambalo wachekeshaji wote hulifanya: akaanza kutafuta mzaha mwingine. Wakati anautafuta, daktari alikuwa anamweleza kwamba vidonge humezwa pamoja na chakula, kwamba asikae na njaa baada ya kumeza, na kwamba akijisikia kutetemeka na kutoka jasho, aweke kitu kitamu mdomoni upesi. Redio alisikia nusu. Nusu nyingine ilipita wakati anatunga mzaha kuhusu nyuki, nao haukufaa.

Alitoka pale na vidonge mfukoni. Alikaa kwenye ukuta wa nje, akainunulia huzuni yake soda baridi, akainywa yote, na ilipoisha ndipo akakumbuka alichoambiwa. Akatazama huku na huku kama mwizi, akaificha chupa tupu nyuma ya ua.

Kumwambia nani? Wateja? Nani atamkodi mgonjwa aje kumfurahisha? Watu wangeanza kumuuliza anaendeleaje kwa ile sauti ya chini inayotumika misibani, na mtu akishakuuliza kwa sauti hiyo, hata umsimulie kisa gani, hacheki tena. Na mkewe? Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Kila maradhi aliyatibu kama ya mtoto wa miaka minne: anakushika paji la uso, anakunyang'anya sahani, anakulaza mchana. Redio alijiona amefunikwa shuka saa nane za mchana huku anaimbiwa, akaamua siri hii aibebe mwenyewe.

Nyuma ya kochi palikuwa na spika kuukuu iliyokufa zamani. Akaifungua kwa bisibisi, akavitia vidonge ndani, akaifunga. Kila asubuhi alijifungia sebuleni na bisibisi yake. Mkewe, akimsikia anahangaika na skrubu, aliwaambia walimu wenzake kwamba mume wake amekuwa mtu wa bidii siku hizi, hataki spika imshinde.

Kisha akajitungia tiba. Alijiambia kwamba kama sukari ni adui, dawa ya adui ni kumkatia chakula mpaka asalimu amri. Siku za kazi akawa hali kitu tangu asubuhi, na ili kumaliza vita mapema, vidonge akameza mara mbili ya alivyoambiwa. Aliuona mpango huo ni wa jemadari mkubwa. Alichosahau ni kwamba yeye na adui walikuwa wanakula kwa mdomo mmoja.

*

Harusi iliyomuumbua ilikuwa ya binti wa Mzee wa Mabati, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa harusi ya watu wazito, na Redio aliitegemea imfungulie milango. Alimeza vidonge asubuhi, akavaa, akaondoka na tumbo tupu. Maharusi walichelewa. Wageni wakapewa vitafunio. Yeye akavitazama kwa dharau ya mtu aliye vitani.

Maharusi walipoingia, jasho lilikuwa limeshaanza kumtiririka mgongoni. Alifungua kinywa kuwakaribisha, ulimi ukawa mzito kama ulimi wa mtu mwingine. Alimkaribisha mama wa bibi harusi kama bibi harusi, na mama yule, ambaye alikuwa amejipamba kwelikweli, aliona haya huku akitabasamu. Wageni wakacheka, wakidhani ndiyo mambo yake. Halafu akawaomba wote wasimame kwa dakika moja ya ukimya kumkumbuka bwana harusi.

Wengine walisimama. Mazoea ni kitu kibaya. Bwana harusi naye alisimama, akainamisha kichwa, kisha akashtuka akakaa. Redio alikuwa ameshafumba macho. Alipoyafumbua aliona ukumbi unazunguka taratibu, akaiendea meza ya keki, akaishika kwa mikono miwili, akaegemea, akasema kwenye kipaza sauti kwamba meza hii ina mapigo ya moyo. Hapo Waya akakata sauti.

Ndugu wawili wa bibi harusi walimchukua kwapani, mmoja huku mmoja kule, wakampitisha katikati ya wageni akiburuta viatu, wakamtupa kwenye chumba cha nyuma walikokuwa wapishi. Mpishi mmoja mama mtu mzima alimwangalia, akafungua soda, akamwekea mdomoni. Aliwaambia vijana kwamba soda hukata ulevi. Redio akanywa mafunda kadhaa. Muda si muda akili ikaanza kumrudia, chumba kikatulia, akawaona watu waliomzunguka na nyuso zao. Mpishi akasema mmeona, nilisema mimi. Kuanzia siku ile aliwatibu walevi wote wa mji kwa soda, na lawama hizo nazo ni za Redio.

Mzee wa Mabati alikuja, akasimama mlangoni na suti yake mpya.

"Umelewa kwenye harusi ya mwanangu," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Redio alikuwa na neno moja la kujiokoa, nalo alilijua. Lilikuwa limemfika kwenye meno. Lakini alifikiri kwa haraka, kama wafikirivyo watu wanaojiona wajanja: mlevi kesho huamka mzima, mgonjwa kesho huamka mgonjwa. Mlevi husamehewa, tena husimuliwa kwa kicheko.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema. "Nilionja kidogo."

Yeye, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja hata povu.

*

Mambo hayakwenda kama mjanja alivyopiga hesabu. Mlevi husamehewa na walevi wenzake. Wenye harusi hawamsamehe. Mama mmoja aliyekuwa amemkodi alimpigia simu kusema harusi ya mwanawe imeahirishwa, kisha Jumamosi ile ile Redio akapishana na msafara wa magari yenye maua, mama yule akiwa gari la mbele, akijifanya anatafuta kitu miguuni. Wengine hawakupiga simu kabisa. Waya, aliyekuwa na familia, alimwambia kwa aibu kwamba amepata kazi na mwongozaji mwingine wa sherehe, ya muda tu.

Mkewe alizipata habari kazini, kwa mzazi aliyekuja kumchukua mtoto. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alianza kumkaribia mlangoni kila anaporudi, akijifanya anamkung'uta kola, kumbe ananusa. Redio alijikuta anapumulia pembeni, kama mwenye hatia. Aliujua uzito wa jambo hilo. Mkewe alikuwa binti wa mlevi. Tangu utotoni alikuwa akitumwa na mama yake kumwokota baba mitaroni. Redio alipokwenda kumposa, hakuulizwa kazi wala kabila. Aliulizwa swali moja tu: unakunywa? Akajibu hapana, na jibu hilo ndilo lililojenga nyumba yao.

Ikafika Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, akaingia dada yake mkubwa pamoja na mumewe, wamevaa nguo za kutokea. Redio akajua ni kikao. Dada akaanza kwa mbali, akawataja wazazi wao marehemu, akasema pombe haikuwahi kuingia katika ukoo wao isipokuwa kwa bahati mbaya. Shemeji, ambaye kila mtu alijua anakunywa, alitazama mazulia. Mwisho Dada akamtaka aape mbele yao wote kwamba ameacha.

Redio akaona mlango wa kutokea. Akanyanyua mkono, akaapa kwamba kuanzia siku ile pombe haitagusa midomo yake. Haijawahi kuapwa yamini ya kweli kama ile, wala nyepesi kama ile. Dada akatoa machozi ya furaha. Shemeji akampa mkono kwa heshima ya mtu aliyeona jambo lisilowezekana. Redio alikwisha kuanza kujiona shujaa aliyeacha pombe, na kidogo ajionee fahari, mkewe alipofungua kinywa. Muda wote alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Baba yangu naye aliapa," akasema. "Alikuwa anaapa kila Jumapili, na sisi tunalia hivi hivi. Mimi kesho naenda kwa mama. Sina hasira na wewe, mume wangu. Nimechoka tu, na wewe ndiyo kwanza unaanza."

Redio aliona begi dogo limesimama nyuma ya mlango wa chumbani, limefungwa tayari. Yamini yake ikageuka upepo.

"Sijalewa mimi," akasema. "Sijawahi. Nina kisukari."

Dada akashika kiuno. Akasema huyu mtu haponi, sasa hata maradhi anayafanyia mzaha. Shemeji akamwambia polepole kwamba ameshaapa vizuri, asiharibu. Mkewe akageuza uso ukutani, akamwomba asitumie ugonjwa wa watu kujifichia. Redio akarudia, akaeleza, akataja daktari, akataja kidole. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumhurumia, maana hakuna anayejieleza sana kama mlevi. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuwafanya watu wasimchukulie maanani, na sasa aliona kazi yake ilivyofanywa kwa ustadi.

Basi akainuka, akaleta bisibisi, akaivuta ile spika kutoka nyuma ya kochi, akapiga magoti. Watatu wale walimtazama akifungua skrubu moja baada ya nyingine. Bisibisi ikamteleza, ikabidi shemeji amshikie spika. Kifuniko kilipotoka, shemeji alichungulia kwanza; bila shaka alitegemea kuona chupa. Redio akatoa pakiti za vidonge, akampa mkewe.

Mkewe alisoma maandishi ya pakiti, akazigeuza, akazihesabu kwa macho zile tupu. Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na hewa. Kisha akakoma.

"Kwa hiyo uliona bora niamini umekuwa kama baba yangu."

Redio akaiweka bisibisi sakafuni.

"Niliogopa kuhurumiwa," akasema. "Mtu wa kuhurumiwa hachekeshi."

"Kwani hapa nyumbani nani amekukodi uchekeshe?"

Dada, ambaye hakupenda kikao chake kiishe bila neno la mwisho, alisema mficha maradhi kilio humfichua, akachukua mkoba, akamsukuma mumewe mbele wakaondoka. Mkewe alikaa na zile pakiti mapajani mpaka chai ikapoa. Halafu akaenda chumbani, na Redio akasikia zipu ya begi ikifunguliwa, na milango ya kabati.

Jioni alimwekea chakula. Akasimama pale pale mpaka akamaliza.

*

Walikwenda kwa daktari pamoja. Mkewe alikaa mbele kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, akauliza kila kitu, akarudia majibu kwa sauti. Daktari alipouliza kama mgonjwa aliwahi kuanguka, mke akatazama dari. Redio akasimulia kisa cha meza ya keki bila kukitia chumvi hata chembe, na safari hii daktari akacheka mpaka akavua miwani. Alipoipangusa akamwambia kwamba siku ile hakuangushwa na sukari nyingi. Iliisha mwilini, kwa sababu alizidisha dawa na kujinyima chakula, na ile soda ya mpishi ndiyo iliyomtoa kaburini. Akamwambia pia kwamba hiki ni kitu cha kuishi nacho, hakishindwi kwa vita. Redio akauliza mpaka lini. Daktari akajibu mpaka mwisho, na aliposema hivyo hakuwa anacheka tena. Mkewe akamshika mkono chini ya meza. Hakumshika paji la uso.

Kulikuwa na deni jingine. Mkewe alimwambia lazima aende kwa Mzee wa Mabati akaseme ukweli, na kwamba hatakwenda naye. Redio akasubiri dukani katikati ya makarai na mabomba, akipishana na vibarua wanaobeba saruji, mpaka mzee akapata nafasi. Alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema sasa hajui aamini lipi, kwa maana siku ile alimwamini mara moja.

"Ungekuwa mlevi ingekuwa nafuu kwangu," akaongeza. "Mlevi ningemchukia kwa raha zangu. Na wewe usidhani ulevi ndio ulioniudhi. Ni ile dakika moja ya kumkumbuka mkwe wangu. Mama yake mpaka leo ananipita barabarani kama nguzo."

Hawakukumbatiana. Redio alipofika mlangoni, mzee akamwita, akamuuliza dalili zake zilianzaje, ile kiu, ilikuwa kiu ya namna gani hasa. Redio akarudi akamweleza, na mzee akasikiliza huku akiitazama glasi ya maji iliyokuwa mbele yake.

*

Kazi ya kwanza kupata ilikuwa ndogo, na ilitoka shuleni kwa mkewe. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye sauti ya kengele, alikuwa anastaafu, na wenzake walimfanyia sherehe ya mchana katika ukumbi wa shule. Waya akaja na spika zake mbili, akisema ile kazi ya muda imeisha. Redio alivaa suti ile ile, ambayo mkewe alikuwa ameipunguza kiunoni. Mfukoni alikuwa na pipi, na chini ya meza mkebe wa viazi vya kuchemsha, yai na tango.

Mwanzo watu walimtazama kwa jicho la pembeni, wakisubiri ayumbe. Hakuyumba. Akawaeleza jinsi walimu wa chekechea wanavyokwangua wali sufuriani, wakacheka, na baada ya kicheko cha pili wakasahau. Tatizo lilikuwa hotuba. Ofisa elimu aliongea, mwenyekiti wa wazazi akaongea, mwakilishi wa wanafunzi wa zamani akakumbuka darasa baada ya darasa. Saa ya kula ikafika, ikapita. Redio aliona vidole vyake vimeanza kucheza vyenyewe. Akamtazama mkewe safu ya tatu. Mkewe alikuwa anamfungulia mtu soda, wala hakuwa anamwangalia.

Mwakilishi alipokaa, zamu ikawa ya mwalimu mkuu mwenyewe. Alikuwa ameshasimama, karatasi za hotuba mkononi.

"Ndugu zangu," Redio akasema, "mimi nina kisukari. Lazima nile sasa hivi, la sivyo nitaanguka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema si useme tu una njaa. Redio akangoja. Zamani kicheko kama kile angekipanda kama farasi, akakimbia nacho. Akakiacha kikaisha.

"Sitanii," akasema.

Akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, akauweka mkebe mapajani na kipaza sauti kando yake, akaanza na tango. Kipaza sauti hakuwa amekizima. Tango likavunjika katika spika zote mbili, kubwa kama ubao unaopasuliwa, na watoto waliokuwa dirishani wakaruka. Waya akapeleka mkono kwenye kitufe. Halafu akaurudisha.

Mwalimu mkuu alizishusha karatasi zake.

"Kula taratibu, baba, usije ukapaliwa," akasema. "Siku hii ya kustaafu nimeisubiri miaka na miaka. Hotuba haiozi."

Redio akataka kujibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Basi akatafuna, na ukumbi mzima ukamsikiliza akitafuna, tango, kisha yai, kisha viazi kimoja kimoja, mpaka akamaliza.